Damu Iliporudi

Jiwe lilimkalia Nkwimba pajani
toka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana,
kule Igogo, kwenye machimbo ya kokoto.
Wanaume kumi na mmoja walisukuma, wakashindwa,
mpaka ilipopatikana jeki ya fuso.

Walipomfikisha kilimani kwetu mguu ulikuwa wa baridi
kama sato aliyelala kwenye barafu usiku kucha.
Daktari akazibua mshipa. Nikaweka vidole viwili
juu ya mguu, karibu na kifundo, nikangoja,
nikausikia:
tu. tu. tu.
Nikatoka mbio barazani, viatu vya mpira vikilia,
nikamwambia mumewe, Lugembe: Damu imerudi!
Akavua kofia, akaishika kifuani.

Nilisema mapema mno.

Wewe unayekaa juu ya mawe, Mabatini huko,
unajua maji yakikatika siku nne
yanavyorudi: bomba linakohoa, linatema kutu,
na pale lilipokuwa limeoza
linapasuka, uani kwa jirani.
Hakuna anayefua shuka jeupe kwa maji ya kwanza.

Nyama iliyokaa saa tano bila pumzi
ilikuwa imepiga yowe kwa lugha yake,
lugha ya chumvi na uchachu,
na damu ilipofunguliwa njia
haikuja peke yake.
Ilikuja na sungusungu.

Chembe nyeupe, za mwanzo kufika.
Zinabingirika kwenye ukuta wa mshipa, zinanasa,
zinajibana, zinapenya
penye upenyo usiopitisha hata uzi.
Zimefunzwa kumpiga mwizi.
Hapakuwa na mwizi.
Palikuwa na mwenye nyumba gizani, ameumia,
hawezi kutaja jina lake,
nao wakapiga.
Wakamwaga sumu waliyoibebea vijidudu,
wakafa palepale mlangoni,
na maiti zao zikawaita wengine.

Saa nne usiku nilichora mstari wa kalamu
pale uvimbe ulipoishia.
Saa sita, mstari mwingine.
Saa nane ngozi iling'aa kama bilauri,
na mkojo mfukoni ulikuwa chai ya rangi
iliyosahauliwa jikoni.
Lugembe akauliza, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma:
"Dada, si ulisema imerudi?"

Alfajiri daktari aliipasua ala ya msuli, huku na huku.
Nyama ikachomoza ikitafuta nafasi.
Jeraha likaachwa wazi
kama mlango wa nyumba yenye msiba.

Siku ya tatu, ya nne, wakaja wa pili.
Hawa hawana haraka. Wakubwa, wenye matumbo.
Wanakula nyama iliyokufa, wanakula sungusungu waliokufa,
wanazoa kila kitu
kama korongo wa Mwaloni nyuma ya wauza samaki.
Na wakishashiba, hapa elimu yangu huniacha mdomo wazi,
hubadilika. Walewale.
Hulainisha sauti, huziita mbegu
zilizolala ubavuni mwa nyuzi za msuli:
amkeni, kuna kazi.

Nilimweleza Nkwimba nikimbadilishia bandeji.
"Kwa hiyo hao walionipiga ni wangu?"
Ni wako.
"Na hao wanaojenga?"
Nao.
Akatazama dirishani. Ziwa lilikuwa bati jipya siku hiyo,
feri ya Kamanga ikilikata polepole.
"Kama ukoo wa Lugembe," akasema,
akacheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu.

Siku ya kumi na moja kidole gumba kilicheza.
Kimoja tu, na kidogo, kama mtu anayekataa kuamka.
Nikachukua pamba na spiriti
nifute mistari yangu.
Wa saa nne ukatoka. Wa saa sita ukatoka.
Wa saa nane uligoma.
"Uache huo," akasema Nkwimba.
"Nitauonyesha."
Sikumuuliza atamwonyesha nani.